Riziki, Kazi na Shahada ya Chuo Kikuu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kugawanya riziki kwa viumbe vyake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika darsa yetu moja alisimama mzee katika wenzetu, akauliza swali lililotunyamazisha sote. Alisema: “Nina watoto watatu. Mkubwa alipata shahada ya Chuo Kikuu mwaka 2021, na mpaka leo yuko barazani, hana kazi, na kila kazi aonyeshwayo asema si ya mtu aliyesoma. Wa pili ni binti. Amepata alama za kumwingiza Chuo Kikuu kusomea udaktari, na jamaa wananiambia nisipoteze mali, kwani mwisho wa mwanamke ni jikoni. Wa tatu amepata D+ katika mtihani wa kidato cha nne, naye ataka kujifunza ufundi wa mafriji na mashini za kupoza hewa, lakini mamake analia, asema mwanawe hatakuwa fundi wa kubeba mkoba wa spana. Nami sina ila kishamba cha minazi nilichorithi kwa baba yangu. Je, nikiuze? Na nikikiuza, nimsomeshe nani?”

Ndugu zangu, swali hili si la mzee huyu peke yake. Nyumba nyingi za mji wetu zimo katika swali hili hili, ila wengine wanaona haya kulitamka. Kwa hivyo tumeona ni wajibu tuliandikie darsa kamili, tulitazame kwa upande wa dini na kwa upande wa mambo ya dunia yalivyo, kisha tumpe mzee wetu jawabu.

KWANZA: KUCHUMA NI IBADA

Wako watu wanaodhani kwamba kazi ni jambo la dunia tupu, na dini iko msikitini tu. Hayo siyo tuliyofundishwa. Mtume (s.a.w.) ametueleza, katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, ya kwamba hapana chakula bora mtu alacho kuliko kile alichokipata kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daud (a.s.) alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake. Na huyo Daud alikuwa mfalme! Qur'ani yatueleza katika Sura ya Anbiyaa (21:80) kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyemfundisha kutengeneza mavazi ya chuma ya kujikingia vitani. Basi ufundi wa chuma ni elimu iliyofundishwa na Mola mwenyewe kwa Mtume wake.

Wala si Daud peke yake. Nabii Nuhu (a.s.) aliunda jahazi. Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Nabii Musa (a.s.) alifanya kazi ya ujira kwa miaka minane au kumi, kama ilivyo katika Sura ya Qasas (28:27). Na Mtume wetu mwenyewe alichunga mbuzi wa watu wa Makka kwa ujira, kisha akafanya biashara. Iwapo kazi za namna hii hazikuwavunjia hadhi wateule wa Mwenyezi Mungu, ni nani sisi hata zituvunjie hadhi?

Tazameni na khabari ya Abdurrahman bin Auf (r.a.). Alipohamia Madina hana kitu, ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii, alimpa nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka katika mali yake, kisha akamtaka amwonyeshe soko lilipo. Akaenda akauza samli na jibini, na hatimaye akawa katika matajiri wakubwa wa Kiislamu. Hakukaa kungoja kazi ilingane na cheo alichokuwa nacho Makka.

PILI: WANAZUONI WALIKUWA NA HIRFA

Huenda mtu akasema: “Kazi ya mkono ni nzuri kwa asiyesoma, lakini aliyesoma hafai kuishika.” Kauli hii yavunjwa na majina ya wanazuoni wetu wenyewe. Imam Abu Hanifa alikuwa mfanya biashara ya nguo. Al-Khassaf, aliyefariki mwaka 261 wa Hijra, ambaye kitabu chake cha hukumu za wakfu ni maarufu, jina lake ni la kazi yake, maana yake mshona viatu, naye alikuwa akila kwa kushona viatu. Az-Zajjaj, mwanazuoni wa nahau, alikuwa fundi wa vioo, na katika ujira wake wa kila siku alikuwa akimlipa mwalimu wake dirhamu moja ili amfundishe.

Na sisi watu wa pwani, ambao madhehebu yetu ni ya Imam Shafii, tunaye Al-Qaffal wa Marwi, aliyefariki mwaka 417 wa Hijra. Al-Qaffal maana yake fundi wa kufuli. Mtu huyu alikuwa fundi hodari wa makufuli mpaka alipofikia umri wa kama miaka thelathini, ndipo akaingia katika kusoma fiqhi, akawa imamu mkubwa katika madhehebu yetu. Hakulificha jina la ufundi wake baada ya kuwa imamu, bali alilichukua mpaka kaburini, nasi twalitaja mpaka leo kwa heshima.

Katika habari hizi mna mafunzo mawili. La kwanza, kwamba elimu na ufundi havigombani. La pili, kwamba mlango wa elimu haufungwi kwa umri, na aliyeanza kwa spana aweza kumalizia kwa kalamu.

TATU: FARDHI KIFAYA

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameeleza katika Ihyaa kwamba kila elimu na kila kazi ambayo watu hawawezi kuishi pasi nayo ni fardhi kifaya. Ametaja utabibu na hesabu, akataja na ukulima, ufumaji na ushonaji. Mji ukikosa kabisa mtu wa kuifanya kazi hiyo, watu wote wa mji huo wamo katika dhambi. Kisha akawalaumu watu wa zama zake kwa kuwa wamesongamana katika fani moja yenye kuleta vyeo, hali miji mingi haikuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja.

Lau Imam Ghazali angetutembelea leo angetuambia yale yale. Tumesongamana katika mlango mmoja. Vijana mia wasoma fani moja ya ofisini kwa kuwa jina lake lapendeza katika kadi ya harusi, na mtu akitafuta fundi wa umeme mwaminifu, au mkunga aliyesoma, au mwalimu wa hisabati, azunguka mji mzima. Basi kabla ya kuuliza, “Mwanangu atapata cheo gani?”, yatupasa tuulize, “Watu wana haja gani, na mwanangu ana kipawa gani?”

NNE: KAZI ZA MLANGO MMOJA NA KAZI ZA MILANGO MINGI

Sasa natuingie katika mambo ya dunia yalivyo. Je, shahada ya Chuo Kikuu ni lazima ili mtu apate kazi? Jawabu ni kwamba kazi ni za mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni kazi za mlango mmoja. Hizi sheria ya nchi hairuhusu mtu kuzifanya pasi na shahada. Daktari husoma miaka sita, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi hospitalini mwaka mmoja, ndipo akaandikishwa. Wakili hupata shahada ya sheria, kisha huenda Chuo cha Sheria cha Kenya, kisha hukaa chini ya wakili mkubwa ajifunze, ndipo akaapishwa. Kadhalika mhandisi, mfamasia na mchora ramani za majumba. Atakaye kazi hizi hana njia ya mkato. Kwake yeye shahada ndiyo ufunguo, na kumwambia kwamba shahada haina maana ni kumdanganya.

Fungu la pili ni kazi za milango mingi, nazo ndizo nyingi zaidi. Muuguzi aweza kuingia kazini kwa diploma. Tabibu wa daraja la kliniki, ambaye ndiye anayewapokea wagonjwa katika zahanati nyingi, huingia kwa diploma. Mhasibu aweza kufanya mitihani ya CPA ya bodi ya KASNEB, iliyoanzishwa mwaka 1969, bila ya kupitia Chuo Kikuu, na cheti hicho hutakwa sana na waajiri. Baharia hupanda vyeo kwa vyeti vya ubaharia vinavyofuata mapatano ya kimataifa ya mwaka 1978, yaitwayo STCW. Vyeti hivyo hupatikana kwa mafunzo, kwa mitihani, na kwa muda aliotumika baharini, na hapa Mombasa tunacho chuo cha Bandari Maritime Academy. Sisi wana wa bahari, ambao babu zetu walikwenda Maskati na Bombay kwa nyota na pepo za msimu, ni aibu tuwaachie wengine mlango huu.

Fundi naye ana daraja zake. Kijana aliyejifunza kazi gereji au karakanani, hata kama hakuingia chuo, aweza kwenda kupimwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, akapewa cheti cha Serikali cha daraja ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Tena kwa sheria ya mwaka 2014 nchi yetu imepanga vyeti vyote katika ngazi kumi, tangu vya chini kabisa mpaka udaktari wa falsafa. Diploma imo ngazi ya sita, na shahada ya kwanza ya Chuo Kikuu imo ngazi ya saba. Ngazi ni ya kupandwa. Aliye chini leo hakufungwa huko, bali aweza kufanya kazi, akaweka akiba, akapanda.

Na tuwe wakweli pia katika jambo hili. Katika ofisi nyingi, za Serikali na za makampuni, mtu huajiriwa kwa diploma, akafanya kazi vizuri, lakini akifika cheo fulani hukwama mpaka apate shahada. Na waajiri wengine hutaka shahada hata kwa kazi isiyohitaji shahada, kwa kuwa waombaji ni wengi nao wataka chujio. Basi hatusemi shahada haina faida. Twasema shahada ni chombo, na chombo hutafutwa kwa kazi yake, si kwa kupambia nyumba.

Tena tukumbuke hesabu hii. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2024, waliopata C+ na zaidi, ambayo ndiyo alama ya kuingilia Chuo Kikuu, walikuwa kama robo tu ya watahiniwa wote. Maana yake watoto watatu katika kila wanne hawakuufikia mlango huo. Je, tuwaambie hao watatu kwamba maisha yao yamekwisha wakiwa na miaka kumi na minane?

Jambo la mwisho katika fungu hili ni la kutisha. Tamaa ya karatasi imewafikisha watu katika kughushi vyeti. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uchunguzi wa vyeti vya watumishi ulikuta vyeti zaidi ya elfu mbili vya uongo. Mwislamu na ajue kwamba Mtume (s.a.w.) amejitenga na mwenye kughushi. Mshahara unaotokana na cheti cha uongo huingia nyumbani kila mwezi, na watoto wakaula. Hapana cheo duniani kinachostahiki bei hiyo.

TANO: AIBU HII IMETOKA WAPI?

Kwa nini basi twaona haya kazi ya mkono? Tuseme kweli, ijapokuwa ni chungu. Katika pwani yetu kazi nzito ilikuwa ikifanywa na watumwa, na waungwana wakadhani kwamba uungwana ni kutotoka jasho. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, yaani zaidi ya miaka mia iliyopita, lakini fikira zile hazikufutwa pamoja nayo. Zimebakia vichwani, zikabadili nguo tu. Zamani mtu alisema, “Kazi hii si ya mwungwana,” na leo asema, “Kazi hii si ya msomi.” Neno ni jipya, kiburi ni kile kile.

Wazee wetu wenye busara waliiona hatari hii mapema. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wa pwani watafute elimu ya dini na ya dunia pamoja, wasiridhike kubaki nyuma. Na katika miaka ya mwisho ya 1940 Waislamu, kwa mchango wa Sultani wa Unguja, Aga Khan, jamaa wa Bohora na wengineo, waliweka msingi wa chuo cha ufundi hapa Mombasa, kilichojulikana kwa jina la MIOME, kikapokea wanafunzi mwaka 1951. Chuo hicho kiligeuzwa jina mwaka 1966, kikawa Polytechnic mwaka 1972, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Zingatieni: wazee walipotaka kuwainua Waislamu, jambo walilolijenga lilikuwa karakana. Chuo Kikuu kilicho juu ya ardhi ile leo kimeota kutoka katika karakana ile.

SITA: KUFU YA NDOA

Wenye kupinga huja na hoja ya dini. Husema, “Wanazuoni wetu wa Kishafii wametia hirfa katika kufu ya ndoa. Basi fundi si kufu wa binti wa watu.” Ni kweli kwamba vitabu vya madhehebu vimetaja hirfa. Lakini hoja hiyo yataka kusomwa mpaka mwisho. Kwanza, kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, si sharti ya kusihi kwa ndoa. Wakiridhia, ndoa ni sahihi bila ya shaka. Pili, uduni wa hirfa hutazamwa kwa desturi ya watu, na desturi hubadilika. Tatu, imepokewa katika hadithi ya Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha Banu Bayadha wamwoze Abu Hind na waoe kwake, na Abu Hind alikuwa mpiga chuku, kazi ambayo Waarabu waliidharau.

Basi mzazi anapokuja kuposewa, na aulize kwanza: je, kijana huyu aswali? Je, ni mwaminifu? Je, aweza kumlisha mkewe kwa halali? Fundi apataye riziki yake kwa jasho ameyajibu maswali haya kuliko mwenye shahada aombaye nauli kwa mamake.

SABA: JAWABU LA MZEE WETU

Sasa twarudi kwa mzee wetu na watoto wake watatu.

Ama mkubwa, mwambie kwamba shahada yake haikupotea, lakini kukaa kungoja si kazi. Watu wa kale wamesema kazi mbi si mchezo mwema. Na ashike kazi yoyote ya halali iliyo karibu, na jioni ajifunze ustadi mmoja wa kuuongeza juu ya shahada yake. Akiwa kazini mlango wa pili utamfungukia upesi zaidi kuliko akiwa barazani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu kuchukua kamba akaenda kufunga mzigo wa kuni akauuza ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wakimpa au wakimnyima. Hakuwatoa wasomi katika hukumu hiyo.

Ama wa tatu, yule wa mafriji, mwachie njia na umwombee dua. Alama yake yamtosha kuingia chuo cha ufundi kusomea cheti, na gharama ya mafunzo hayo ni ndogo kuliko ya Chuo Kikuu. Pwani hii ni ya joto, na hoteli, hospitali, maduka ya samaki na majumba yote yahitaji mashini za baridi. Na mamake, tumwambie kwa upole: mama, mkoba wa spana si aibu. Mchumia juani hula kivulini.

Ama binti, ndiye mwenye haki zaidi ya kile kishamba, ikiwa hapana budi kiuzwe. Kwa nini? Kwa sababu kazi aliyoichagua ni ya mlango mmoja. Ndugu zake wana milango mingi, na yeye hana ila huu. Tena kazi yake ni fardhi kifaya iliyotuelemea. Fiqhi yetu yasema mwanamke atibiwe na mwanamke akipatikana. Na atapatikana vipi, ikiwa kila baba atamrudisha bintiye jikoni? Wale wanaokwambia usimsomeshe ndio watakaokuwa wa kwanza kuuliza, siku mke wao akishikwa na uchungu wa kuzaa, kama daktari mwanamke yupo.

Lakini usikimbilie kuuza. Tafuta kwanza misaada ya masomo ya kaunti na ya jimbo la uchaguzi, na uwaulize wenye mali katika jamaa na msikiti. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1995, imekuwa ikilipwa pamoja na ziada. Basi usitie sahihi kabla ya kuwauliza wanazuoni juu ya riba. Na hapa lawama inaturudia sisi sote. Mji unaochangia harusi ya siku tatu kwa malaki ya shilingi, ukashindwa kumchangia binti mmoja awe daktari, haufai kumlaumu mzee akiuza minazi yake.

MAMBO YA KUHIFADHI

Kwanza, kuchuma halali ni ibada, na hapana kazi ya halali iliyo aibu. Pili, tafuta shahada ikiwa kazi uitakayo haina mlango mwingine, au ikiwa kipawa na uwezo unavyo. Usiitafute kwa kuogopa maneno ya watu. Tatu, fundi na apate cheti cha ufundi wake, asikae na mikono mitupu. Nne, mwenye shahada asiye na kazi asingoje kazi ya ndoto yake huku akiila jasho la wazee wake. Tano, usimnyime binti mlango wake kwa kuwa ni binti. Sita, riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, na wajibu wetu ni kuitafuta kwa njia iliyo safi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya kheri, atuondolee kiburi cha majina na vyeo, na abariki mikono inayofanya kazi. Amin.